Rangi Huficha, Mng'ao Husaliti

Katika majeshi, katika polisi na miongoni mwa askari wa wanyamapori, rangi ya mabaka imezoeleka hata wengi hudhani kwamba kazi ya kujificha humalizika pale kopo la rangi linapokwisha. Kifaa kikishapakwa kijani, kahawia na nyeusi, huhesabiwa kuwa tayari kwa pori. Baadaye huja hofu ya haki kabisa, kwamba rangi hiyo itachubuka upesi. Hapo mwenye kifaa hutafuta vanishi ya kuilinda, na aghalabu huchukua ile iliyo karibu, yaani ile iliyobaki baada ya kupakwa meza na viti. Kifaa hutoka kimependeza, kinang'aa kama kioo, na kazi yote ya kujificha huwa imeharibiwa na tabaka moja la mwisho.

Hasara yake si ndogo. Kwa mwindaji mwenye leseni, hasara ni swala aliyetimka kabla ya kufikiwa. Kwa askari wa wanyamapori anayevizia kundi la majangili wenye bunduki, au kwa polisi na mwanajeshi aliye katika doria, hasara yaweza kuwa maisha yake na ya wenzake. Kwa hiyo uchaguzi wa utando wa mwisho, yaani lile tabaka linalolinda rangi ya mabaka, ni sehemu ya ulinzi wa mwenye kifaa mwenyewe.

Ili kuelewa jambo hili, ni lazima kutenganisha vitu viwili ambavyo macho huvichanganya: rangi na mng'ao. Rangi ni ile nuru inayotoka ndani ya tabaka lililopakwa. Mng'ao ni nuru inayogonga uso wa juu na kurudi papo hapo, bila kuingia ndani. Nuru hii ya pili haibebi kijani wala kahawia. Hubeba sura ya jua lenyewe. Vanishi angavu iliyo nyororo, ikipigwa na nuru kutoka juu moja kwa moja, hurudisha kiasi cha sehemu 4 katika kila 100 za nuru hiyo. Kiasi hicho huonekana kidogo, lakini sehemu 4 za jua ni nuru kali mno kuliko jani lolote la msituni. Ndiyo maana kifaa cheusi kabisa chenye mng'ao humetameta sawasawa na cheupe. Chini ya utando unaong'aa, ustadi wote wa mabaka haufai kitu mara jua linapotokeza.

Kuna jambo la pili. Uso bapa, kama ubavu wa sanduku, hurudisha jua upande mmoja tu, na anayesimama kwingine haoni kitu. Lakini uso wa mviringo, kama kofia ya chuma, mtutu wa bunduki au chupa ya maji, daima una sehemu ndogo iliyoelekea jua na mtazamaji kwa pamoja. Hata mtazamaji akihama, alama ile ya nuru humfuata. Basi vifaa vya mviringo, ambavyo ndivyo vingi miongoni mwa zana za pori, ndivyo vinavyohitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Kwa upande wa wanyama, elimu ya macho imethibitisha kwamba wanyama wenye kwato, kama vile swala, pofu na nyati, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani kama afanyavyo binadamu. Lakini huona vyema tofauti ya mwanga na giza, na hugutuka upesi kwa kitu kinachometa au kutikisika. Kwa hiyo mwindaji anayehangaika kutafuta kijani halisi cha majani, huku kitako cha bunduki yake kinang'aa, ameshika mkia akaacha kichwa.

Majeshi ya dunia yamejifunza somo hili hatua kwa hatua. Katika miaka ya 1840, kikosi cha Harry Lumsden huko Peshawar, katika Bara Hindi, kilianza kuvaa nguo za rangi ya vumbi. Na neno lenyewe kaki, lililoenea hata katika Kiswahili, asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Ufaransa iliunda kikosi maalumu cha wasanii wa kuficha mizinga na majengo, kikiongozwa na mchoraji Guirand de Scévola. Mwaka 1940 mwanazuoni wa Kiingereza Hugh Cott alitoa kitabu kikubwa kuhusu rangi za wanyama, akaeleza jinsi mabaka yanavyovunja umbo la mnyama hata jicho lisiweze kulikusanya. Mtu huyu ndiye aliyekuja baadaye kuchunguza mamba wa Mto Nile katika Uganda, na matokeo ya uchunguzi wake yakachapishwa mwaka 1961.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni kofia ya chuma. Mwaka huo huo wa 1915 John Brodie alisajili jijini London kofia iliyokuja kuvaliwa na askari wa Uingereza, na kisha wa Marekani. Kofia za mwanzo zilipakwa rangi nyororo, nazo zikawa zinameta, hasa zikilowa mvua. Dawa iliyopatikana ilikuwa rahisi: kuchanganya mchanga au vumbi la mbao katika rangi, ili uso wa kofia uwe na mkwaruzo. Marekani ilipoleta kofia mpya ya M1 mwaka 1941, ilitumia koki iliyosagwa, ile ile ya kuzibia chupa. Ujerumani nayo iliingia vitani na kofia nyororo, ikalazimika mwaka 1940 kuamuru rangi yenye mkwaruzo na isiyong'aa.

Mchanga ule, vumbi lile la mbao na ile koki vyote vilifanya kazi moja: kuuvunja uso laini. Nuru ikigonga uso wenye mkwaruzo hutawanyika kila upande, wala hairudi pamoja kama mkuki mmoja. Vanishi za leo zisizong'aa hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa chembe ndogo zaidi. Kiwandani huchanganywa unga laini sana wa madini ya mchanga. Vanishi inapokauka hupungua unene, na zile chembe husukuma uso juu na kufanya vilima na mabonde ambayo jicho haliwezi kuyaona, lakini nuru huyahisi.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kile kinachoondoa mng'ao ndicho pia kinachopunguza nguvu. Utando unaong'aa ni mfululizo mmoja wa gundi ngumu, maji huteleza juu yake, na uchafu hufutika kwa kitambaa. Utando usiong'aa umejaa chembe, una gundi kidogo zaidi kati yake, na yale mabonde yake hushika jasho, mafuta na vumbi jekundu la barabara. Tena ukisuguliwa sana, vile vilima hulainika na mng'ao hurudi. Hili huonekana wazi kwenye mpini wa panga au kitako cha bunduki: mahali mkono unaposhika daima huanza kung'aa kabla ya pengine. Kwa ufupi, anayetafuta utando usiong'aa hata kidogo na wakati huo huo mgumu kama chuma anatafuta vitu viwili vinavyovutana.

Majeshi makubwa yamelitambua jambo hili. Katika orodha ya rangi ya serikali ya Marekani iliyotolewa mwaka 1956, kila rangi ilipewa namba ya tarakimu tano, na tarakimu ya kwanza ilieleza mng'ao: 1 kwa rangi inayong'aa, 2 kwa yenye nusu-mng'ao, na 3 kwa isiyong'aa. Kijani cha jeshi chenye namba 14087 na kile cha 34087 ni kijani kimoja. Kinachotofautiana ni mng'ao. Orodha hiyo ilirithiwa mwaka 2017 na nyingine inayofuata utaratibu ule ule. Katika miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilieneza kwa magari na zana zake rangi ya poliurethani isiyong'aa, iliyotengenezwa ili istahimili sumu za kivita na dawa kali za kuzisafisha. Baadaye ikaletwa aina inayochanganywa na maji, ambayo ndani yake unga wa madini uliachwa na badala yake zikatumiwa chembe ndogo za plastiki, kwa kuwa hizo hazidhoofishi utando kwa kadiri ile ile. Hata taifa lenye viwanda vikubwa kama hilo limekuwa likipigana na mvutano huu wa nguvu na mng'ao.

Je, mtu asiye na kiwanda afanye nini? Jibu la mafundi ni kugawa kazi: nguvu iwekwe chini, na ufifiaji uwekwe juu. Rangi ya mabaka ikishakauka, kwanza hupakwa tabaka moja au mawili membamba ya vanishi ngumu, hata kama ina nusu-mng'ao. Tabaka hilo ndilo linalopokea mikwaruzo na kuzuia maji. Kisha, kwa kufuata muda ulioandikwa kwenye kopo, au baada ya kupitisha msasa laini kidogo ili tabaka la pili lishike, hupakwa tabaka moja jembamba la vanishi isiyong'aa. Tabaka hili la juu likichakaa, hurudiwa lenyewe tu, na mabaka yaliyo chini hubaki salama. Anayerundika matabaka manne ya vanishi isiyong'aa, akidhani anaongeza nguvu, hupata utando dhaifu wenye ukungu mweupe unaofifisha rangi zake.

Katika kuchagua vanishi yenyewe, maswali matatu yatosha. Swali la kwanza ni kwamba chini kuna nini. Vanishi yenye tina kali, kama laka, ikipakwa juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa huikunja kama ngozi iliyoungua. Plastiki nyingine huyeyuka kabisa. Kwa hiyo jaribio lifanywe kwanza mahali pasipoonekana, na lingojewe siku nzima kabla ya kifaa chote kuguswa.

Swali la pili ni kwamba kifaa kitaguswa na nini. Vanishi ya akriliki ni nyepesi kutumia, hukauka upesi, na haigeuki manjano kwa jua; inafaa kwa darubini ya nje, sanduku, au miguu mitatu ya kamera. Lakini petroli na dawa za kusafishia bunduki huweza kuilainisha. Vanishi ya mafuta hustahimili zaidi, lakini hukawia kukauka na huelekea manjano kadiri miaka inavyopita. Poliurethani ya kuchanganya vitu viwili ndiyo ngumu kuliko zote, nayo hustahimili mafuta na dawa nyingi. Wala isisahauliwe dawa ya kufukuza mbu inayopakwa mwilini. Ile yenye DEET hulainisha plastiki kadhaa na rangi nyingi, na mkono uliotoka kuipaka huihamishia moja kwa moja kwenye kitako cha bunduki.

Swali la tatu ni kwamba kifaa kinasuguliwa wapi. Mahali pa kushikwa na mkono, pa kupita mkanda au pa kuingia katika ala, hakuna vanishi itakayodumu bila kulainika. Hapo ni heri kuzungushia utepe wa kitambaa au kipande cha gunia kuliko kutegemea rangi.

Onyo la afya ni la lazima. Ile poliurethani ya vitu viwili ina kemikali inayodhuru mapafu, na kuna waliopata pumu ya kudumu kwa kuipuliza bila kinga. Kitambaa cha pua si kinga. Kazi hiyo iachiwe karakana yenye vifaa vyake. Mtu wa kawaida atosheke na vanishi za kopo moja, nazo azitumie mahali penye hewa, mbali na moto.

Upakaji nao una kanuni zake. Kifaa kioshwe kwa sabuni hadi mafuta yote yatoke, kwa maana hakuna vanishi inayoshika juu ya mafuta. Kopo likorogwe kwa muda mrefu, au likiwa la kupuliza litikiswe sawasawa, kwa kuwa ule unga unaoondoa mng'ao huzama chini. Asiyekoroga hupaka gundi tupu, kisha hulaumu duka kwamba limemuuzia vanishi inayong'aa. Matabaka yawe membamba. Tabaka nene huzizamisha zile chembe, na uso hulainika tena. Kupulizia kutoka mbali mno nako ni kosa, kwa sababu matone hukauka hewani na kutua kama vumbi lisiloshika.

Hali ya hewa ya nchi zetu zenye mvua nyingi ina mtego wake. Tina inapopaa kwa haraka hupoza uso uliopakwa, na unyevu wa hewa hugeuka matone madogo ndani ya utando. Matokeo yake ni weupe kama wa maziwa. Kwa hiyo kazi ifanywe umande ukishakauka na kabla mawingu ya mchana hayajakusanyika. Baada ya hapo kifaa kiachwe siku kadhaa mpaka harufu iishe. Mnyama aliye upande wa pepo hunusa tina mbichi kabla hajaona kitu chochote.

Kuna mahali ambapo vanishi haitakiwi kabisa: ndani ya mtutu, kwenye sehemu zinazotembea, kwenye alama za kulenga, kwenye namba ya silaha, na kwenye vioo vya darubini. Kioo kinachong'aa dawa yake ni kivuli au wavu mbele yake. Kofia za kuzuia risasi zilizotengenezwa kwa nyuzi zisipakwe chochote ila kile kilichoruhusiwa na mtengenezaji, kwani tina yaweza kuharibu kile kinachozuia risasi. Na silaha ya serikali ni mali ya serikali. Haipakwi rangi kwa utashi wa mtu. Kwanza ni amri ya mkuu wa kikosi, kisha ni mkono wa fundi wa silaha.

Kazi ikiisha, ipimwe. Viwandani mng'ao hupimwa kwa nuru iliyoinama nyuzi 60, na kwa rangi zisizong'aa hupimwa hata kwa nyuzi 85, yaani nuru inayokaribia kulala juu ya uso. Sababu ni kwamba kitu kinachoonekana kimefifia saa sita mchana chaweza kumeta jua linapokuwa chini. Askari anaweza kufanya kipimo hicho bila mashine. Kifaa kiwekwe penye majani asubuhi mapema au jioni, mtu akizungukie kwa hatua 50, kisha kwa hatua 100. Halafu kimwagiwe maji na kuzungukwa tena, kwa sababu maji hujaza yale mabonde na kuufanya uso kuwa laini kwa muda. Kikimeta kikiwa kimelowa, basi kinahitaji kifuniko cha kitambaa au wavu, na hii ndiyo sababu kofia za chuma zimevalishwa wavu au kitambaa katika majeshi mengi hata baada ya rangi zisizong'aa kupatikana.

Utunzaji wa kila siku ni mwepesi: maji, sabuni kidogo na brashi laini. Nta na mafuta ya kung'arishia visiguse uso uliopakwa. Hapa yafaa kusema wazi kwamba mazoea ya kambini yana nguvu. Kuruta hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kiatu kinachong'aa na kifungo kinachometa ni dalili ya nidhamu, na hilo ni kweli katika uwanja wa gwaride. Lakini nidhamu ya pori ina sura nyingine. Huko, askari hodari ni yule ambaye jua limepita juu ya zana zake zote lisipate mahali pa kujitazama. Kamanda anayekagua doria kabla ya kutoka na atazame kwa macho ya adui, wala si kwa macho ya mkaguzi wa gwaride.

Mwisho, isidhaniwe kwamba utando usiong'aa ni hirizi. Hauzuii sauti, hauzuii harufu, wala haumfichi anayetikisika. Tena darubini za usiku huona nuru ambayo jicho halioni. Rangi za kawaida za dukani, hata zikiwa za kijani, zaweza kuonekana katika darubini hizo tofauti kabisa na majani mabichi, na hakuna vanishi ya juu itakayorekebisha hilo. Rangi maalumu za kijeshi hutengenezwa kwa ajili hiyo tangu mwanzo.

Hata hivyo, katika yote yanayomfichua mtu porini, mng'ao ni mojawapo ya yale yanayoondoleka kwa gharama ndogo: kopo moja lililochaguliwa vyema, tabaka moja jembamba, na kipimo cha asubuhi moja. Wakati wa kugundua kwamba kofia inameta ni hapo kambini, mbele ya rafiki anayezunguka kwa hatua 50. Anayegundua pembeni mwa kichaka, mbele ya mwenye bunduki, amechelewa.